Mti Huyu

Maplewood, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Rehema,

Niwie radhi kwa kunyamaza kwangu. Wengine huomba radhi ya namna hii kwa sababu walikuwa mbali na hawakuandika. Mimi nakuomba radhi hali tumekuwa tukilala katika nyumba moja na kupishana katika mlango mmoja tangu mwezi wa Machi, pasipo mimi kukuambia neno lenye maana. Nimesema "chakula kipo" na nimesema "umefunga mlango?" Hayo siyahesabu kuwa mazungumzo, na najua wewe pia huyahesabu.

Sasa umekwenda kwenye kituo chako cha mazingira kuwaaga watoto. Jua la Agosti bado liko juu ya paa za majirani, kwa hiyo ninayo nafasi ya kuandika kabla hujarudi. Sitakuandikia habari za kuvaa vizuri wala za kula kwa wakati. Huko Montana unakokwenda kutunza misitu kuna baridi, nawe baridi unaifahamu kunizidi; ni wewe uliyenifundisha mimi kuvaa soksi mbili. Nitakuandikia juu ya neno moja dogo, ambalo ndilo lililotunyamazisha.

Unaikumbuka sheria ya nyumba yetu. Tulipofika hapa ulikuwa na miaka mitano. Mimi nilikuwa nimeacha darasa langu la Kiswahili Morogoro na kuja kuwaogesha wazee wa watu katika nyumba ya kulelea wazee. Nilitazama huku na huku, nikaona kitu kimoja tu nilichoweza kukupa bila kumwomba mtu ruhusa, nacho ni Kiswahili sanifu. Nikatangaza kwamba Kiingereza hakina masikio humu ndani. Ukiniomba maji kwa Kiingereza, nilikuwa sisikii. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa akikutilia maji kimyakimya na kunitazama kana kwamba mimi ni askari wa forodha.

Ulikuwa na miaka sita nilipokufundisha upatanisho wa kisarufi pale mezani. Nilipanga wanyama wako wa plastiki mstari mmoja, nikasema, "Kila chenye uhai ni huyu. Ng'ombe huyu. Samaki huyu. Hata kiroboto ni huyu."

Ukauliza, "Na haragwe langu?"

Shuleni mlikuwa mmeotesha maharage katika vikombe, na la kwako lilikuwa limekwisha kuinua kichwa. Ulilibeba hadi nyumbani ndani ya koti ili lisipigwe na upepo.

"Haragwe hili," nikasema.

"Lakini liko hai, Mama. Mwalimu amesema liko hai."

"Maliza ugali wako," nikasema.

Nilifundisha kanuni hiyo kwa maneno yale yale katika miaka yote ya kazi yangu, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniuliza juu ya haragwe. Nilidhani hiyo ni dalili ya kwamba nilifundisha vizuri. Siku hizi nawaza kwamba huenda walikuwapo waliotaka kuuliza, wakautazama uso wangu, wakaacha.

Ulipojiunga na vijana wa kituo cha mazingira, sikulipinga jambo hilo, ila sikulielewa. Kwetu pori lilikuwa mahali pa kupita ukienda kwingine. Hapa watu wanaandikishana majina ili watembee polepole katikati ya miti, halafu wanarudi nyumbani mikono mitupu na furaha tele. Baadaye kituo kikakupa Jumamosi moja ya kila mwezi kwa ajili ya familia zinazozungumza Kiswahili: Wakongo wa kanisani kwetu, Wakenya wachache, na Watanzania wale wanaofika saa moja baadaye na kuuliza kama chai imebaki.

Ulianza vibaya, na huo ni mwaka ninaoupenda. Ulianza na bundi. Kituo kilikuwa na jioni yake ya Oktoba ya kwenda kusikiliza bundi wakiitana, nawe ukawaalika watu wote kwa moyo mweupe. Hakuja hata mmoja. Jumapili yake Mama Furaha, yule anayesafisha vyumba vya hoteli Bloomington, alinishika mkono nje ya kanisa.

"Mwalimu," akasema, "mutoto wako anatuita twende kumusikiliza bundi? Kwetu bundi njo anaita mutu!"

Akacheka hadi machozi, na mimi nikacheka. Sikumwambia kwamba jioni ile mimi, mwenye cheti cha ualimu, nilikuleta kwa gari na kubaki ndani ya gari, vioo vikiwa vimefungwa. Nilikuambia ni kwa ajili ya baridi. Haikuwa baridi.

Wewe hukukata tamaa. Mwezi wa Januari ukawaita tena, safari hii kutembea juu ya theluji kwa vile viatu vipana kama nyungo. Watoto walianguka na kuinuka na kuanguka tena, na Mama Furaha alianguka akakataa kuinuka, akasema Mungu amemwonyesha mahali pa kupumzika. Kuanzia siku hiyo walikuwa wako. Nilikuwa nikija kukuchukua, na kutoka kwenye maegesho nilikuwa nikisikia kelele zao: watoto ambao nyumbani humjibu mama yao kwa Kiingereza walikuwa wakikugombania kwa Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili kibovu. Nilikisikia kwa masikio ya mwalimu, wala sikujiuliza kwa nini kilikuwa kikipigiwa kelele.

Ndipo mwezi wa Machi ikafika Siku ya Shira, siku ambayo kituo hugema maji ya miti na kuyachemsha yawe shira.

Ulikuwa umesimama mbele ya ule mti wa mepo, mti wenye maji matamu, ulio karibu na banda la kuchemshia, keekee ya kutobolea mkononi, na ndoo zikining'inia kwenye miti nyuma yako. Moshi wa sufuria kubwa ulikuwa unanukia sukari. Watoto walikuwa wamekuzunguka na vikombe vyao, na wazazi nyuma yao. Ukasema kwa sauti ambayo sikujua kwamba unayo: "Usiku kukiwa na baridi ya kugandisha, na mchana jua likipata nguvu, mti huyu anaamka. Anapandisha maji yake. Sisi tunamwomba kidogo tu. Hatumchoshi."

Furaha, ambaye mahali pengine popote hujificha nyuma ya sketi ya mama yake, akauliza, "Anasikia maumivu?"

Nami nikasema kutoka nyuma, kwa sauti ya darasani, "Mti huu. Unaamka. Unapandisha maji yake. Tunauomba. Rudia."

Ukarudia. Ulikuwa na miaka ishirini na moja, mbele ya watu wako, na ulirudia sentensi yote kama nilivyoitaka, kwa sauti ya mtoto wa miaka sita. Halafu ukampa Linda, mkuu wa kituo, ile keekee, na sehemu iliyobaki ya Siku ya Shira iliendeshwa kwa Kiingereza. Mama Furaha alisimama na kikombe chake, akitabasamu kila watu wengine walipotabasamu. Swali la Furaha halikujibiwa.

Garini ulinitolea hoja yako kwa Kiingereza, nami naiandika hapa kwa Kiswahili ili ujue kwamba niliisikia. Ulisema: "Uliniambia kila chenye uhai. Kuku aliye sufuriani, amekwisha kuchinjwa na kuungwa nazi, bado ni huyu. Mti ulio hai mbele ya macho yangu ni huu?"

Nikasema lugha haina mjadala. Nikasema pia kwamba Kiingereza hakina masikio.

"Nimekusikia, Mama," ukasema, kwa Kiswahili kisicho na dosari.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yako ya mwisho ya Kiswahili kwangu. Tangu siku hiyo umenisemesha kwa Kiingereza tu, nami kwa sheria yangu mwenyewe siwezi kukisikia. Sheria mbili zikakutana mlangoni, kila moja ikikataa kuipisha nyingine. Ndiyo maana habari ya safari yako nimeipata kwa Mama Furaha. "Mwalimu, pole na safari ya mutoto," aliniambia kanisani mwezi wa Juni. Nikamshukuru kana kwamba nilikuwa najua.

Najua utauliza kwa nini sikuja chumbani kwako siku ile ile. Nilikuwa na haki, Rehema. Naiandika hivyo kwa sababu ni kweli. Sarufi ilikuwa upande wangu mwezi wa Machi, na iko upande wangu hata jioni hii. Mti ni huu. Tatizo lilikuwa kanuni niliyokupa: niliifupisha ili ikae vizuri mdomoni, nikaacha mimea nje, na wewe uliifuata kwa uaminifu kuliko mimi mwenyewe. Huko uendako utakuwa na haki mara nyingi, maana umesoma na una macho makali. Tazama tu mahali haki yangu iliponiacha. Imeniacha jikoni, nikisikiliza nyayo zako juu ya dari.

Na sikuwa mgeni wa jambo hilo. Mwaka wetu wa kwanza hapa, nilimwamkia mzee mmoja kitandani kwake, na msimamizi wangu, binti aliyeweza kuwa mwanafunzi wangu, akanisahihisha matamshi mbele yake. Alinitaka nirudie hadi ikae sawa. Nadhani alitaka kunisaidia. Majira yale yote ya baridi niliingia katika vyumba vya wazee kimya, nikainua miguu yao, nikafunga vifungo vyao, nikatoka. Mzee yule aliniuliza kama nimemkasirikia. Sikuwa na Kiingereza cha kumweleza, na hata kama ningekuwa nacho nisingekitamka. Nilirudi nyumbani na uchungu huo, nikavua koti, nikakuketisha mezani, nikasema, "Rudia."

Sasa nifike Jumamosi iliyopita. Wewe unajua tu kwamba gari lako liliharibika Golden Valley na kwamba mimi nilikwenda kituoni badala yako. Hukuuliza yaliyotokea, nami sikueleza. Linda alipiga simu nyumbani akisema familia zimekwisha kufika na hapana wa kuzungumza nazo. Nilivaa viatu vya kanisani, maana ndivyo vilivyokuwa karibu, nikaenda.

Watoto walinitazama kama watoto wanavyomtazama daktari wa sindano. Sikujua niwapeleke wapi, nikawapeleka kwenye mti ule wa Machi. Tundu lililotobolewa siku ile limeanza kuziba. Gome jipya linalikaribia kutoka pande zote, kama midomo ya mtu anayetaka kupiga mluzi. Furaha akaweka kidole chake juu ya kovu.

"Amepona," akasema. Akatugeukia sote, macho yamemtoka. "Mti huyu amepona!"

Nilikuwa nimejiapiza njia nzima, Rehema. Nilikuwa nimejiambia nitawaacha waseme wanavyosema. Sijui sentensi ilipita wapi. "Mti huu umepona," nikasema. "Rudia."

Wakarudia wote pamoja, kwa sauti moja, kila kiambishi mahali pake. Ndiyo sauti niliyoipenda kuliko zote katika kazi yangu. Morogoro nilikuwa nikisimama mlangoni baada ya kipindi ili niendelee kuisikia kichwani. Halafu Furaha akaondoa kidole chake kwenye mti, akarudi nyuma ya sketi ya mama yake. Tulizunguka hadi kwenye bwawa, tukaona kobe, tukaona nyuki katika maua ya manjano, na hakuna mtoto aliyeuliza kitu. Nilikuwa nimepata darasa lenye adabu kamili, katikati ya pori.

Watoto walipokwenda kunywa maji, Mama Furaha alikuja akasimama kando yangu.

"Mwalimu, nikuambie? Batoto banakuogopa."

"Wananiogopa kwa lipi? Sikumgombeza mtu."

"Lakini banaogopa 'rudia' yako! Hata mimi naiogopa, na mimi ni mama mukubwa." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Rehema akiwa hapa, banapigaka kelele mpaka kichwa inaniuma. Kwangu nyumba, Furaha anajibuka Kiingereza tupu. Ni hapa tu njo namusikiaka mutoto wangu."

Katika maneno yale mlikuwa na mambo ambayo zamani ningeyatia wino mwekundu kutoka mwanzo hadi mwisho. Ningependa kukuambia kwamba nilijizuia kwa hekima. Kweli ni kwamba nilikuwa nikimtafuta Furaha kwa macho.

Kabla sijaondoka, Linda aliniita barazani. Alizungumza polepole, kama anavyozungumza na mimi siku zote, akidhani masikio yangu ndiyo mazito. Alisema wewe unaondoka, na majani yatakapoanza kubadilika rangi atapanga ratiba ya majira yajayo. Asipompata mtu wa kuongoza kwa Kiswahili, Jumamosi ile atapewa mwingine, kwa kuwa kuna kikundi cha wapiga picha za ndege kinachoisubiri. Akaniuliza kama mimi ningekubali. Nilimwambia nitafikiri. Nilimjibu kwa Kiingereza, Rehema, na nilitamka vibaya, na hakunisahihisha.

Tangu hapo nimekuwa nikifikiri. Usidhani ni jambo jepesi la mama kulainika moyo safari ya binti yake inapokaribia. Nikikataa, Mama Furaha atampoteza mtoto wake mahali pekee anapomsikia, na familia zile zitarudi kukaa ndani Jumamosi, watoto na simu zao. Nikikubali na kuwa kama nilivyokuwa juzi, watampoteza vilevile, isipokuwa watampoteza kwa Kiswahili sanifu. Mdomo wangu husahihisha kabla mimi mwenyewe sijaamua. Leo asubuhi, ulipokuwa bafuni, nilisimama dirishani nikajaribu kuutamkia mti wa jirani: "Mti huyu." Nilijisikia kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine, cha kulia mguu wa kushoto. Nikajaribu tena. Jirani alikuwa bustanini, akanipungia mkono.

Wala siwezi kuwadanganya watoto kwamba ndivyo kitabu kinavyosema. Nikienda, itanibidi niwe mtu anayejua lililo sahihi na anayeweza kulishika mdomoni huku mtoto anamaliza swali lake. Hicho sijawahi kukifanya, hata siku moja, hata kwako. Sijui kama mtu wa umri wangu hujifunza jambo la namna hiyo. Nakuambia kwa sababu hutaki kudanganywa, nami sitaki uondoke ukidhani nimekwisha kuwa mtu mwingine.

Jambo moja nimeliamua, na hilo halisubiri barua. Kesho asubuhi, nitakapokupeleka uwanja wa ndege, nitakuambia kwa mdomo wangu: niage kwa lugha yoyote itakayokujia. Nitasikia. Kama una lolote lililobaki tangu Machi, liseme njiani, kwa Kiingereza, kwa kasi yako, na usinitafsirie. Masikio yapo. Yalikuwapo siku zote.

Na Furaha umjibu, hata kwa simu kutoka huko, kama hukumjibu ulipokwenda kuwaaga. Ameuliza tangu wakati wa theluji kama mti unasikia maumivu. Mimi sijui jibu. Wewe unalijua.

Nasikia gari linaingia, kwa hiyo nitamaliza. Barua hii nitaiweka ndani ya kiatu chako kizito cha msituni, mahali utakapoipata ukiwa umekwisha kufika, maana sitaki uisome mbele yangu na kunitazama.

Habari ya Jumamosi ile, nitakuandikia nitakapokuwa nimeamua, kabla majani hayajageuka. Hutahitaji kuisoma barua yote ili ujue. Tafuta tu mahali nitakapoutaja, au nitakapomtaja, mti wa karibu na banda, kisha utazame kiambishi.

Mama yako